Sentensi Ninayoifuta katika Tasnifu za Saikolojia

Karibu kila tasnifu ya saikolojia iliyotumia mahojiano ambayo hufika mezani kwangu huwa na sentensi ileile katika sura ya mwisho: "Kwa kuwa sampuli ilikuwa ndogo, matokeo haya hayawezi kujumlishwa," yaani hayawezi kupanuliwa zaidi ya watu waliohojiwa. Kurasa mbili mbele, mwandishi yuleyule, aliyewahoji watu 15 katika kata moja, anaishauri wizara ibadili huduma za nchi nzima. Pendekezo la namna hiyo tayari ni ujumlishaji, hata kama mwenyewe hakulitaja neno, na kilichobaki ni kumuuliza amejumlisha nini na kwa haki gani.

Mkanganyiko huu hutokana na kuazima mizani ya takwimu. Mtafiti wa dodoso huteua watu kwa nasibu ili aweze kusema kuhusu jamii nzima ni wangapi wana hali fulani, na kwa ukingo gani wa makosa. Katika mahojiano ya kina watoataarifa huteuliwa kwa makusudi, kwa sababu wamelipitia jambo linalochunguzwa, na kinachopanuliwa baadaye ni uelewa wa jambo lenyewe: huanzaje, lina sura zipi, wanaolipitia hulipa maana gani. Mwanasaikolojia Heidi Levitt alilitetea wazo hili mwaka 2021, kwamba utafiti wa kimaelezo, ule unaotegemea maneno ya watu badala ya takwimu, hujumlisha kuelekea jambo na si kuelekea idadi ya watu. Ndiyo maana hukereka nisomapo kwamba "asilimia 80 ya washiriki" walisema hivi au vile, kumbe ni watu wanane kati ya kumi.

Mfano ninaoupenda unatoka Harare, Zimbabwe. Katika miaka ya 1990, daktari wa magonjwa ya akili Vikram Patel na wenzake walichunguza namna wagonjwa na waganga wa jadi walivyoyaeleza masumbuko ya nafsi kwa maneno yao wenyewe, na neno lililojitokeza sana likawa "kufungisisa". (Msomaji wa Kiswahili asipotoshwe na sauti: kwa Kishona kufunga ni kufikiri, na mwisho ule wa "-isisa" huongeza ukali wa kitendo, hivyo maana yake ni kufikiri kupita kiasi.) Lugha hiyo ya wagonjwa ndiyo iliyozaa dodoso la Kishona la maswali 14, lililochapishwa mwaka 1997, na mwaka 2013 neno lenyewe likaingia katika DSM-5, mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili.

Je, ya Harare yanatuhusu sisi tunaosema "fulani ana mawazo"? Wengi hujibu upesi kwamba ni kitu kilekile, kisha wakaongeza kwamba kitu hicho ni sonona. Bonnie Kaiser na wenzake, waliopitia machapisho 138 mwaka 2015, walikuta misemo ya kufikiri kupita kiasi katika sehemu nyingi za dunia, lakini hawakuona kwamba inalingana na ugonjwa mmoja wowote wa orodha za kitabibu. Jibu la kwanza, basi, lina msingi kiasi; la pili halina.

Kuna namna nyingine ya kujumlisha, ya kutoka kisa kimoja hadi kingine, ambayo Lincoln na Guba, waandishi wa mbinu za utafiti, waliieleza mwaka 1985. Kwao, anayeamua kama matokeo yanafaa mahali pengine ni yule anayepajua mahali hapo, ila mtafiti anawajibika kumpa maelezo ya kina yatakayomwezesha kuamua. Benchi la Urafiki, ambalo Dixon Chibanda alilianzisha Harare mwaka 2006 kwa kuwafunza bibi wa mitaani kuwasikiliza wenye kufungisisa, baadaye lilifika Zanzibar. Msomaji wa Unguja hasaidiwi sana na idadi ya bibi waliohojiwa. Anataka kujua bibi huyo anaheshimiwa kwa lipi, anakaa umbali gani na mgonjwa, na mgonjwa anamwamini vipi kwamba siri haitafika mtaani kabla yake.

Nikishaifuta sentensi ile, humwomba mwanafunzi aandike aya moja mahali pake: maelezo yake yanahusu jambo gani, yalijengwa katika mazingira yapi, na ni mtu wa aina gani ambaye, akihojiwa kesho, angeweza kuyabomoa. Aya hiyo huchukua wiki kadhaa. Rasimu ya kwanza, mara nyingi, hurudi ikisema kwamba sampuli ilikuwa ndogo.