Monojenea: minyoo bapa wa samaki na jinsi wanavyotambuliwa

Ukitaja minyoo wa samaki pale Kibirizi, mwalo wa samaki wa Kigoma, wengi huwaza wale wa tumboni. Monojenea ni wengine. Ni minyoo bapa, wengi hawafiki hata milimita moja, na hukaa kwenye ngozi, mapezi na hasa mashavu (matamvua) ya samaki. Mnyoo wa kichocho naye ni bapa, lakini yeye hupitia kwa konokono. Monojenea huhama moja kwa moja kutoka samaki hadi samaki. Mla samaki hadhuriki.

Kwa macho matupu huwezi kuwatofautisha. Mtaalamu hukata shavu, hukwangua mnyoo kwa sindano, humbana kati ya vioo viwili mpaka alale, kisha hutazama kwa hadubini sehemu zake ngumu: kulabu za nyuma anazojishikizia na, kwa jamii nyingi, kiungo cha uzazi cha kiume. Monojenea wa jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Gyrodactylus ana kulabu mbili kubwa katikati na 16 ndogo pembeni, na mara nyingi ni mkunjo wa hizo ndogo unaoamua jina lake. Pakiwa na shaka, hupimwa vinasaba.

Kazi hiyo ina uzito. Miaka ya 1970 mmoja wa hao, Gyrodactylus salaris, aliingia Norway na samaki waliotoka upande wa Bahari ya Baltiki. Salmoni wa Baltiki humvumilia, wa Norway wakafa kwa wingi, na mito mingi ikatiwa sumu ya rotenoni, samaki wote wakaangamizwa ili mnyoo akose pa kukaa. Trauti wa upinde wa mvua, samaki wa jamii ya salmoni, humbeba bila kuugua. Tena trauti wana Gyrodactylus wengine wanaofanana naye sana, wasio na balaa hilo. Ukikosea jina, unaweza kuua mto bure.

Ziwa Tanganyika nalo lina wake. Mwaka 2018 monojenea wa dagaa walipewa jenasi yao, Kapentagyrus: K. tanganicanus hupatikana kwa dagaa na lumbu (ndugu wa dagaa), K. limnotrissae kwa lumbu tu. Monojenea wa sato ni Cichlidogyrus, na hao wamekwisha kusafiri na samaki wa kufugwa mpaka Asia na Amerika. Kwa hiyo, mfugaji wa Kigoma anayeagiza vifaranga kutoka mbali, naomba sana mashavu ya wachache yachunguzwe kabla hawajamwagwa bwawani.