Pwani ya Pangani na Tongoni kwa Msafiri Atokaye Moshi na Arusha

Shule zinapofungwa mwezi Desemba, familia nyingi za Moshi na Arusha huteremka Tanga na Pangani kutafuta bahari. Sisi tunaoshughulika na elimu ya mambo ya kale hapa Moshi tungependa wasafiri hao wajue kwamba pwani hiyo si ya watu wengine, kwa maana maji ya Kilimanjaro na Meru, yakishakusanyika katika bwawa la Nyumba ya Mungu, ndiyo yanayoendelea kwa jina la Mto Pangani hadi Bahari ya Hindi.

Njia ya kuufuata mto huo ni kongwe kuliko reli, ambayo ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911. Katika karne ya 19 misafara ilipanda kutoka Pangani ikiwa na nguo, shanga na bunduki, ikarudi na pembe za ndovu na, jambo ambalo halifai kufichwa watoto wetu, watu waliotekwa ili wauzwe. Mji huo huo ulikuwa kitovu cha upinzani dhidi ya Wajerumani mwaka 1888, na kiongozi wake, Abushiri bin Salim, alinyongwa hapo hapo Pangani mwezi Desemba 1889.

Mahali ambapo wasafiri wengi hupapita bila kusimama, nami naona ni hasara kubwa, ni Tongoni, takriban kilometa 17 kusini mwa Tanga kwenye barabara ya Pangani. Hapo yapo magofu ya msikiti wa kale na makaburi zaidi ya 20 yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, mengi yakiwa na nguzo ndefu. Ukisogea karibu na nguzo utaona vishimo vya mviringo vilivyochongwa kwa uangalifu: humo zilipachikwa bakuli za kauri zilizoletwa na vyombo vya biashara kutoka ng'ambo, zikiwamo za China, kuonyesha heshima ya marehemu. Karibu bakuli zote zimekwisha kung'olewa na nguzo kadhaa zimeanguka. Kwa hiyo tunawasihi wazazi wasiruhusu watoto kupanda juu ya kuta wala kuokota vigae, kwani kigae kikiondolewa mahali pake hakiwezi tena kumsaidia mtafiti kujua umri wa mji.

Ufuko nao una historia yake. Kisiwa cha Maziwe, mkabala na Ushongo, zamani kilikuwa na miti. Leo ni fungu la mchanga linaloonekana maji yanapokupwa tu. Kasa bado hupanda kutaga pale, na kwa kuwa mayai yangezama, hukusanywa na kuhamishiwa ufuko wa Ushongo hadi yaanguliwe. Atakayekwenda huko kwa mashua amwulize nahodha saa ya kujaa kwa maji kabla ya kung'oa nanga, hasa siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, na akiogelea asikanyage matumbawe.

Lipo jambo moja linalotuhusu hata tusiposafiri. Kadiri maji ya mto yanavyotumika kwa wingi huku juu, katika mifereji ya mashamba, viwandani na majumbani, ndivyo nguvu ya mto inavyopungua mdomoni na maji ya chumvi kupanda kuelekea bara, yakiharibu visima na mashamba ya minazi ya wakazi wa Pangani. Mkulima au mwenye kiwanda anayechepusha maji anapaswa kuwa na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo makao yake makuu yapo hapa hapa Moshi, na kuheshimu kiasi kilichoandikwa katika kibali hicho, hususan wakati wa kiangazi ambapo mto huwa umepungua sana.