Je, wajua ilikuwaje Espen Bredesen akatoka mkiani hadi dhahabu kwa miaka miwili?

Kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya 1992 huko Albertville, Ufaransa, mrukaji ski Espen Bredesen wa Norwei alimaliza miongoni mwa wa mwisho kabisa. Katika mchezo huo mtu huteremka njia ya kilima juu ya mbao mbili ndefu ziitwazo ski, kisha huruka hewani mbali awezavyo. Kwao wakamfananisha na Eddie Edwards, Mwingereza aliyekuwa kichekesho cha dunia kwa kushika mkia kwenye mchezo huohuo katika Olimpiki ya Calgary, Kanada, mwaka 1988. Mwaka uliofuata Bredesen akawa bingwa wa dunia wa kilima kikubwa huko Falun, Uswidi. Februari 1994, mbele ya watu wake Lillehammer, akatwaa dhahabu ya Olimpiki kwenye kilima cha kawaida, ambacho ni kidogo kuliko kile kikubwa.

Jibu linalomjia mtu haraka ni kwamba alijenga misuli ya miguu, akawa anaruka juu zaidi. Linaonekana la maana, ila lina kasoro moja: mrukaji ski haendi juu hata kidogo.

Picha za televisheni ndizo zinazodanganya, kwa kuwa kamera nyingi hukaa chini zikitazama juu. Ukingo wa kurukia haukuinuliwa kama wengi wanavyodhani. Umeinama kuelekea bondeni, kwa nyuzi 10 au 11 hivi. Tufanye hesabu. Mrukaji anafika ukingoni kwa kilomita 90 kwa saa, yaani mita 25 kwa sekunde. Kwa mwinamo ule, tayari anashuka karibu mita 4.5 kila sekunde. Mkupuo wa miguu, yaani kuinyoosha ghafla kutoka kuchuchumaa, unaokamilika ndani ya theluthi moja ya sekunde, unampa kama mita 2.5 kwa sekunde za kupanda. Toa hizo, bado anashuka mita 2 kwa sekunde. Kwa hiyo hata mwenye miguu ya chuma anaanza safari yake akiwa anaanguka, na kazi ya mkupuo ni kupunguza kasi ya kuanguka tu. Akikupua mapema, nguvu inamwishia kabla ya ukingo. Akichelewa, ukingo unampita magoti yakiwa bado yamekunjwa.

Hii ndiyo sababu pia havunjiki miguu. Mteremko wa kutua nao umeinama, kwa nyuzi zinazokaribia 35, ukifuata njia ya mwili wake angani. Theluji haimgongi kutoka chini. Inakutana naye ikiwa karibu sambamba na mwendo wake. Akipitiliza hadi sehemu iliyo tambarare, hapo ndipo magoti yanapolipa, na ndiyo maana waamuzi hushusha mahali pa kuanzia pale upepo wa mbele unapowasukuma watu mbali mno.

Basi, kama ushindi hautoki miguuni, unatoka wapi? Unatoka kwenye zile sekunde nne za hewani, na huko ndiko mambo yalikuwa yamebadilika.

Kwa miongo kadhaa warukaji waliruka na ski zikiwa sambamba, zimebanana chini ya mwili. Katikati ya miaka ya 1980 Jan Boklöv wa Uswidi akaanza kuzitanua mbele, zikafanya umbo la V. Majaji wakaona ni utovu wa adabu na wakamkata alama za mtindo. Hata hivyo akachukua Kombe la Dunia la msimu wa 1988/89. Hesabu ilimlinda, kwa kuwa mruko hupata alama za mtindo na za umbali: majaji ni watano, kila mmoja na alama 20, wa juu na wa chini wanatupwa, wanabaki watatu. Kila mmoja wao akikata 1.5, umepoteza 4.5. Kwenye kilima kikubwa mita moja ina thamani ya alama 1.8, hivyo mita mbili na nusu za ziada zinafidia adhabu yote. V ilitoa zaidi ya hapo.

Aliyewahi kutazama mashindano ya ngalawa anajua hila ya kumkatia mwenzako upepo. Chombo kilichoko joshini, upande unakotoka upepo, kikijipanga sawasawa, tanga la aliye demani, upande wa pili, linalegea na kupwaya, ingawa bahari nzima ina upepo. Ski zilizobanana ziliufanyia mwili hivyo hivyo. Hewa inatokea mbele na chini. Inakutana na ski kwanza, na kifua kilicho nyuma yake kinabaki kivulini. Zitanue, ski na kifua kila kimoja kinapata upepo wake, na mwili unaweza kulala chini zaidi katikati ya ski. Eneo linaloinuliwa limekua bila kuongeza hata sentimita moja ya ubao.

Si bure, lakini. Ncha za nyuma zikipishana, unaanguka. Upepo ukiingia chini ya ski moja kuliko nyingine, unabinuka upande. Mtu aliyekulia kwenye mtindo wa zamani ilimbidi afundishe upya nyonga na vifundo vya miguu. Albertville iliwakuta Wanorwei wakiwa bado nyuma katika zoezi hilo, ilhali Ernst Vettori wa Austria na Toni Nieminen wa Ufini, mwenye miaka 16, walichukua dhahabu kwa V.

Lillehammer pengo lilikuwa limegeuka. Bredesen aliruka mita 100.5 na 104 kwenye kilima ambacho umbali wake wa msingi, unaotumika kuhesabia alama, ulikuwa mita 90, akapata 282.0. Wa pili, Mnorwei mwenzake Lasse Ottesen, alikuwa na 268.0. Kwenye kilima kile mita moja ni alama 2, hivyo alama 14 ni sawa na mita saba. Machi mwaka huohuo, huko Planica, Slovenia, Nieminen akawa wa kwanza kutua wima zaidi ya mita 200, kwa 203. Kesho yake Bredesen akaruka 209.

V ilileta tatizo lake pia. Hewa ikishakubeba, kila kilo ni mzigo, na warukaji wakaanza kujikondesha. Tangu msimu wa 2004/05 urefu wa ski unafungwa na uzito. Mwenye mita 1.80 aweza kutumia ski ya hadi sentimita 261, ila akiwa mwepesi kuliko kiwango anakatiwa ubao, na hapo faida ya wepesi inaliwa na ufupi.