Siki, Ndimu na Mashine ya Kahawa: Maswali ya Kinamama wa Lamu

Mashine za kahawa za umeme zinazidi kuonekana majumbani mwetu, nyingine zimeletwa na watoto walio Uarabuni, na mdila, birika letu la kahawa la kale, umepandishwa juu ya kabati uwe pambo. Tofauti ni kwamba mdila ukisuuzwa kila usiku bila kuambiwa mtu. Mashine hukaa na machicha yake hadi asubuhi. Maswali haya nimeulizwa na kinamama wa mitaa ya Langoni na Mkomani. Wao huniita daktari. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii tu.

Daktari, mashine yangu imeganda kitu cheupe kama chokaa. Ni sumu?

Hapana, mama. Maji ya visima vyetu hubeba kalisi kutoka ardhini. Yakipashwa moto, kalisi hujitenga na kuganda pale penye joto, kama unavyoona kwenye birika la chai. Kitu hicho ni kile kile kilichomo katika mawe ya matumbawe yaliyojengea nyumba za mji huu. Ukimeza chembe yake haikudhuru. Wengi huogopa vijiwe vya figo, lakini kinachovileta zaidi ni kunywa maji machache katika joto hili letu, si utandu wa birika.

Anayeumia ni mashine, na mfuko wako. Koili iliyovikwa chokaa hupasha maji polepole, kahawa hutoka vuguvugu, na tokeni za stima zinaisha kabla ya wakati.

Niusafishe kwa kitu gani huo utandu? Fundi ameniambia ninunue dawa maalumu.

Huna haja. Chokaa hushindwa na kitu kikali chenye asidi, nacho unacho jikoni. Chukua siki nyeupe ya dukani na maji kiasi sawa, ujaze tangi. Ondoa machicha na kichujio, uwashe mashine. Ikifika nusu, izime na uiache kama nusu saa hadi saa nzima, maana siki inataka muda wa kula chokaa. Kisha iwashe imalize. Baada ya hapo pitisha maji matupu mara mbili au tatu, mpaka harufu ya siki iishe kabisa. Ukifanya haraka hapa, wageni wako watakunywa achari.

Kama harufu ya siki inakukera, tumia ndimu ya unga, ile ya kutia kwenye achari: kijiko kikubwa kimoja au kimoja na nusu kwa lita ya maji, ukoroge iyeyuke yote. Mimi naipenda kuliko siki. Ndimu mbichi pia inafaa, ila uchuje vizuri. Nyuzinyuzi zikiingia kwenye mpira wa ndani utaongeza kazi badala ya kuipunguza. Kwa maji ya kisima fanya hivi kila mwezi.

Kwenye simu nimeona wanachanganya siki na magadi, povu linafuka. Si ndiyo dawa kali zaidi?

Povu lile ni hewa tu. Siki na magadi zikikutana zinauana: asidi inaisha nguvu, magadi nayo, unabaki na maji ya chumvichumvi. Tumia kila moja peke yake. Siki ni ya chokaa. Magadi ya kuumulia mikate ni ya mafuta ya kahawa, ule weusi unaonata kwenye jagi na kichujio, ambao ukichacha huharibu ladha hata ya kahawa mpya. Tia kijiko kimoja kwenye jagi, maji ya moto, uache robo saa, usugue. Jagi lenye shingo nyembamba, tia konzi ya mchele mbichi na maji kidogo, utikise.

Lililo hatari kweli ni hili: usichanganye siki wala ndimu na dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini. Hewa inayotoka hapo huchoma macho na mapafu, na jiko dogo lisilo na dirisha ndilo baya zaidi. Ukikosea, toka nje kwanza, mengine baadaye.

Na ile harufu ya ukungu inayotoka kwenye mashine?

Hapo ndipo penye suala la afya hasa. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Valencia, Hispania, walichapisha matokeo ya kuchunguza trei za chini za mashine za kahawa, pale panapodondokea maji na machicha. Wengi hudhani kahawa huua vijidudu. Kumbe walikuta bakteria wengi wanaishi humo, wengine wa aina inayoweza kuwaletea maradhi watu wenye kinga dhaifu. Na kwetu hapa, chumvi yenyewe hulowa kwenye kikopo, sembuse trei. Mwaga machicha mara tu baada ya kunywa. Osha trei, kichujio na jagi kila siku kwa sabuni na maji moto. Tangi limwage, na kifuniko uache wazi usiku lipate upepo. Chomoa plagi kabla ya kuosha, na mashine yenyewe usiitose majini.

Maji ya kisima nikiyatia moja kwa moja, si yanachemka humo?

Usiitegemee mashine. Maji hupita kwa haraka, na nyingi hazifiki kiwango cha kutokota. Chemsha kwanza kwenye sufuria yatokote, au tia dawa ya maji, ndiyo uyatie tangini. Lakini kuchemsha hakuondoi chumvi. Mwenye presha ambaye kisima chake ni cha maji ya chumvi atafute ya mvua au ya kununua kwa kunywa, kahawa ikiwemo.

Mdila wangu wa shaba nao niutie siki?

Nje, sugua kwa ndimu na majivu kama alivyofanya bibi yako. Ndani usiloweke asidi yoyote. Asidi hutoa shaba, na shaba ikizidi kwenye kinywaji huleta kichefuchefu na kutapika. Ndiyo maana wazee wakitia bati ndani. Chungulia: ukiona weupe wa bati umechakaa na wekundu au manjano yanajitokeza, usipikie kahawa humo mpaka apatikane fundi wa kuutia bati upya. Mpaka hapo, kwenye kabati ndiko pahali pake.