Cheti cha jina la biashara hakilindi nembo yako

Kuna ujumbe unaozunguka kila mara kwenye magrupu ya wajasiriamali wa Dodoma: ukishasajili jina la biashara, nembo yako imelindwa nchi nzima, wakili wa nini tena? Si kweli.

Cheti hicho huonyesha tu nani anafanya biashara kwa jina gani. Haki ya kumzuia mwingine asitumie nembo yako hutokana hasa na usajili wa alama ya biashara, chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma (Sura ya 326 ya Sheria za Tanzania), tena kwa daraja, yaani kundi, la bidhaa husika: mvinyo wa zabibu daraja la 33, mafuta ya alizeti la 29. Usajili huo hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Zanzibar ina usajili wake.

Soma cheti chako. Kama hakitaji daraja wala hakina alama yenyewe, bado hujalindwa. Wakili mzuri huanza na upekuzi wa sajili, akitafuta hata majina yanayofanana kwa matamshi; mfanyabiashara anayeiruka hatua hii huweza kuchapisha lebo nyingi, halafu maombi yake ya usajili yakakataliwa. Watu huchanganyikiwa kwa kuwa usajili wa jina na ule wa alama hufanyika katika ofisi moja.

Ukiupokea ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.