Barua ya mheshimiwa haikuingizi shule ya sheria

"Mjomba anafahamiana na jaji mmoja." Kila msimu wa maombi ya shule za sheria za Marekani unapokaribia, nalisikia hilo tena. Watu wanaacha kuandaa insha zao wanaanza kusaka wakubwa: jaji, mbunge, balozi. Wanaamini jina zito chini ya barua ya mapendekezo ni nusu ya udahili. Siyo.

Barua hiyo ina kazi moja, kuiambia kamati ya udahili kile ambacho transkripti haiwezi kukisema. Ukipewa maandiko magumu unayachambuaje? Mwenzako akiipinga hoja yako darasani, unaitetea au unapandisha sauti? Ukikosolewa unarekebisha au unanuna? Anayeweza kujibu hayo ni mhadhiri aliyesahihisha kazi zako. Mheshimiwa uliyempa mkono kwenye harusi ataandika nini? Kwamba anakufahamu, unatoka familia njema, una nidhamu. Muhuri, sahihi, basi. Anayeisoma anabaki na swali linalokuumiza wewe: ina maana huyu hakupata hata mwalimu mmoja wa kumsemea?

Mhadhiri msaidizi asiyejulikana na mtu, akieleza kwamba rasimu yako ya kwanza ilikuwa ovyo, ukairudia, na ya mwisho ikawapita wenzako wote, amekusaidia kuliko baraza zima la mawaziri. Ikiwa umetoka chuoni miaka mingi, mchukue msimamizi wako wa kazi, yule anayesoma ripoti zako, si mkurugenzi mkuu anayekusalimia kwenye lifti.

Mwombe mapema, wiki sita kabla au zaidi. Mpelekee wasifu wako na kazi uliyoifanya darasani kwake, ikiwa na masahihisho yake mwenyewe. Kisha muulize waziwazi kama anaweza kukuandikia barua nzuri. Akisitasita, mshukuru na utafute mwingine. Na tafadhali, usiiandike mwenyewe ukampelekea asaini, hata kama ni yeye aliyekuambia ufanye hivyo. Sauti yako itasikika ileile kwenye insha na kwenye barua. Mwandishi huituma mwenyewe LSAC, taasisi inayopokea nyaraka za waombaji na kuzipeleka kwenye shule za sheria, nawe unaulizwa kama unaachia haki yako ya kuisoma. Achia. Barua ambayo mwombaji angeweza kuipitia inasomwa kwa shaka.

Mengine nayapitia haraka.

Eti lazima uwe umesoma sheria au siasa. Chama cha Wanasheria wa Marekani, ABA, hakipendekezi fani yoyote kwa anayetaka JD, shahada ya sheria ya Marekani. Waliosoma hisabati au uuguzi wanaomba kama wengine. Lakini kama tayari una LLB, shahada ya kwanza ya sheria, jiulize kwanza kama huhitaji LLM, shahada ya uzamili ya sheria, ya mwaka mmoja badala ya JD ya miaka mitatu.

Eti GPA yako, yaani wastani wa alama zako, ya chuo cha Afrika Mashariki ibadilishwe iwe ya 4.0. Acha kukokotoa. Kwa shahada za nje ya Marekani na Kanada, LSAC haitoi GPA. Inatoa tathmini ya maneno, kama vile wastani au juu ya wastani.

Eti LSAT, mtihani wa kuingilia shule ya sheria, inapima ujuzi wa sheria. Inapima uchambuzi wa hoja na ufahamu wa maandiko, kwa alama 120 hadi 180. Sehemu ya mafumbo ya mantiki iliondolewa Agosti 2024, kwa hiyo ukirithi vitabu vya kaka yako, angalia usije ukakesha na kitu ambacho hakipo tena.

Eti insha ianze na "tangu utotoni nilipenda haki". Kila mtu alipenda haki utotoni. Andika ulichokifanya.

Eti kosa dogo usilitaje, maana hakuna atakayejua. Hili ni la hatari. Fomu nyingi zinauliza kuhusu adhabu za chuoni na mashauri ya jinai, na miaka mitatu baadaye, ukiomba kuwa wakili, bodi inayosajili mawakili inaweza kulinganisha majibu yako na yale uliyoipa shule. Mara nyingi kulificha kosa kunakugharimu kuliko kosa lenyewe. Soma swali neno kwa neno, ujibu lilivyoulizwa: nini kilitokea, lini, kiliishaje. Nusu ukurasa inatosha, bila kumlaumu mlinzi wa bweni.