Anaharisha, halafu mnamnyima maji?

Maswali tunayoulizwa kila siku zahanati, huku kando ya Ziwa Tanganyika, Kigoma.

Magonjwa ya maji machafu ni yapi?
Kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu ndiyo tunayoyaona zaidi. Kinyesi cha mgonjwa kinaingia kwenye maji, maji yanaingia mdomoni. Kichocho kina njia yake: kinapenya kwenye ngozi ukiwa umesimama majini, kwa hiyo tukiache leo.

Maji ya ziwa letu ni meupe, unaona kokoto hadi chini. Nayo yachemshwe?
Yachemshwe. Wavuvi wa dagaa wanakesha ziwani. Wanajisaidia wapi? Yatokote kwa nguvu dakika nzima, yapoe yakiwa yamefunikwa. Mkaa ukiwa ghali, tia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa, usubiri dakika 30. Na tafadhali, kikombe alichonywea kila mtu kisichovywe tena ndooni.

Mtoto anaharisha. Nikimpa maji si atazidi?
Hapana. Tumbo linaharisha kwa sababu ya vijidudu, si kwa sababu ya maji unayompa. Mpe maji.

Mama mmoja alifika alfajiri, mtoto kamfunga mgongoni kwa kitenge. Macho yamezama, ulimi mkavu, analia bila machozi. Nikamfinya ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama. "Tangu jana amekunywa nini?" "Hajanywa, dada. Bibi yake alisema tumkaushe tumbo." Wamemkausha kweli. Shikamoo zetu zote kwa mabibi, lakini kwa hili hapana. Anayeharisha anauawa na ukavu.

Akinywa anatapika, je?
Subiri dakika 10, uanze tena kwa kijiko, kidogo kidogo. Usiache. Kunyonya kuendelee.

ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, naichanganyaje?
Pakiti nzima ya lita kwenye lita moja ya maji safi. Si nusu pakiti kwenye kikombe, wala si kuilamba kama glukosi! Ikipita saa 24, mwaga, changanya nyingine. Huna pakiti? Vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu kwa kisu, kwenye lita moja.

Nimnunulie vidonge vya kufunga tumbo dukani?
Usinunue. Mpe maji.

Naweza kusubiri kukuche?
Akiharisha majimaji kama yaliyooshea mchele, akiwa amelegea au hakojoi, usisubiri, hata akiwa mtu mzima mwenye nguvu zake. Kipindupindu kinaweza kuua ndani ya saa chache. Amsha jirani, tafuteni bodaboda usiku huohuo. Na chupa ya ORS iwe mkononi mwa aliyekaa nyuma, mgonjwa anywe njia nzima.